Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Mwendo wa Boti na Usalama wa Mitumbwi Yetu

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu wa mwaka jana nilisimama mbele yenu nikaomba kwamba chama chetu cha wenye mitumbwi kidai ukomo mmoja wa mwendo kwa boti zote za injini zinazopita katika Ghuba ya Mwanza. Nilitaka iandikwe namba moja, itangazwe katika mialo yote, yaani fukwe ambako mitumbwi yetu hutia nanga, na kila atakayeivuka atozwe faini. Wengi wenu mliniunga mkono, mkaikabidhi kamati tendaji kazi ya kuandaa maombi ya maandishi. Maombi hayo hayajapelekwa popote hadi leo. Mnayo haki ya kuelezwa sababu, nami nina wajibu wa kukiri kwamba sababu kubwa ni mimi mwenyewe, kwa kuwa kadiri tulivyozidi kulichunguza jambo hili ndivyo nilivyozidi kuona kuwa nilichowaombeni kingeweza kukubaliwa chote na bado mitumbwi yetu ikaendelea kujaa maji.

Mahesabu ya mwaka mtayasikia kwa mweka hazina, na katibu atasoma majina ya wanachama wapya. Nimeomba muda wangu wote niutumie kwa suala la mwendo wa boti, kwa sababu ndilo mlilotutuma.

Nianze na kisa ambacho baadhi yenu mnakifahamu. Mwenzetu mmoja anayevusha mizigo kwa mtumbwi wa kasia alikuwa akirudi asubuhi akiwa na magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi. Ziwa lilikuwa limetulia. Mtumbwi ulikuwa umeshiba mzigo, ubavu wake umebaki shubiri moja tu juu ya maji, kama ilivyo kawaida ya mitumbwi yetu siku za soko. Boti moja ya abiria ilipita mbali naye, mbali kiasi kwamba yeye mwenyewe anasema hakupata hofu yoyote, wala nahodha hakufanya jambo ambalo mtu aliyesimama nchi kavu angeliita uzembe. Boti ilikuwa inapunguza mwendo ili iingie bandarini. Dakika moja baadaye yalimfikia mawimbi matatu yaliyofuatana, la kwanza likainua mtumbwi, la pili likamwaga maji ndani, na la tatu likaukuta mzito usioweza tena kuinuka. Mkaa wote ulipotea. Yeye aliokolewa na wavuvi wawili waliokuwa wakikunja nyavu zao karibu na hapo, na nawashukuru tena mbele ya mkutano huu.

Kamati ilipoketi kuandika maombi, mjumbe mmoja aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu: boti ile ingekuwa imekiuka ukomo gani? Ilikuwa inapunguza mwendo. Ukomo wa namba moja nilioupendekeza mwaka jana usingeigusa. Hapo ndipo tulipoamua kusimamisha uandishi na kwanza tujifunze, kwa kusoma yaliyofanyika kwenye maziwa mengine na kwa kuwauliza wanachama wetu ni nini hasa kinachowapindua.

Sitaki mtu aelewe kwamba mwendo si hatari. Ni hatari, na hesabu yake kila mmoja anaweza kuifanya. Boti inayokwenda kilomita 72 kwa saa hukata mita 20 kila sekunde. Ikiwa mita 200 kutoka kwenye mtumbwi, nahodha na mpiga kasia wana sekunde 10 za kuonana, kuelewana na kukwepana. Mpiga kasia wetu, mwenye mtumbwi mwepesi na mikono yenye nguvu, huenda kama kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo katika sekunde hizo 10 atakuwa amesogea mita 14 hivi, tena kama alianza kupiga kasia papo hapo, jambo ambalo mtu aliyeinamia nyavu hawezi kulifanya. Boti hiyo hiyo ikienda kilomita 16 kwa saa, umbali ule ule utachukua sekunde 45, na mtumbwi utakuwa umesogea zaidi ya mita 60. Tofauti hiyo ni uhai wa mtu. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne, na mbao za mtumbwi hazina la kufanya mbele ya nguvu hiyo.

Kwa hoja hiyo peke yake ningebaki pale nilipokuwa mwaka jana. Lakini tulitazama maziwa mawili ya mbali ambako watu wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, na kila moja lilitufundisha kitu tofauti.

La kwanza ni Windermere, ziwa kubwa kuliko yote ya asili huko England. Lina urefu wa kilomita 17 hivi na wembamba ambao mtu mwenye sauti kubwa karibu angeweza kuupigia kelele kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Ni ziwa lenye historia ya mwendo: mwaka 1930 Henry Segrave alivunja rekodi ya dunia ya mwendo majini humo na akafa siku hiyo hiyo katika jaribio lililofuata. Baadaye likajaa boti za starehe na watu wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na boti, pamoja na wapiga kafi na wenye matanga. Mamlaka ya hifadhi ya taifa ambamo ziwa hilo limo ilitaka ukomo wa maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16. Ulifanyika uchunguzi wa wazi, serikali ikaukataa ukomo huo mwaka 1996, ikaukubali mwaka 2000, na ukaanza kutekelezwa mwaka 2005 baada ya kuwapa wenye boti muda wa kujipanga. Katika maeneo yenye msongamano ukomo ni mdogo zaidi, maili 6.

Wapo miongoni mwenu waliotaka tuitumie Windermere kama ushahidi wetu mkuu, na ni kweli kwamba leo mtu anayepiga kafi pale hana haja ya kuiogopa boti inayoruka juu ya maji. Lakini tuliposoma kwa makini tuliona kwamba ukomo ule haukuzifanya boti za kasi ziende polepole. Uliziondoa. Mwenye boti ya kasi alikwenda kuitumia mahali pengine, kwa sababu ilikuwa boti ya starehe na angeweza kuipakia kwenye gari akaenda zake. Sisi hatuna boti za starehe za kuziondoa. Boti za injini za ziwa hili hubeba wagonjwa kutoka visiwani, walimu wanaokwenda vituoni, samaki wanaoharibika wakichelewa, na abiria wa Ukerewe na Ukara ambao hawana barabara nyingine. Tena Windermere ina eneo la kilomita za mraba zisizofika 15, ilhali Ziwa Victoria lina karibu 68,800, likigawanywa na nchi tatu. Nisingeweza kumtazama machoni mama mwenye uchungu wa uzazi aliyeko kisiwani na kumwambia kwamba tumedai boti yake iende kilomita 16 kwa saa hadi Mwanza.

La pili ni Winnipesaukee, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, na hili lilitusumbua zaidi. Ziwa hilo lina visiwa vingi, na kwa muda mrefu lilikuwa na kanuni moja ambayo mimi sikuwahi kuifikiria: chombo chochote kikifika ndani ya futi 150, yaani mita 45 hivi, kutoka chombo kingine, mtu anayeogelea au ufuo, kinapaswa kushuka hadi mwendo wa kujongea, usiozidi maili 6 kwa saa. Kwa hiyo hawakuwa na ukomo wa mwendo wa ziwa zima, bali walikuwa na umbali. Wapiga kafi na wenye kambi za watoto walisema hautoshi, kwa kuwa boti iliyo katika mwendo mkali haiwezi kushuka ndani ya mita 45, na kwa sababu hofu peke yake ilikuwa imewafukuza kutoka sehemu pana za ziwa. Sheria ikapitishwa: kuanzia mwaka 2009 ukomo ukawa maili 45 kwa saa mchana na 30 usiku, kwanza kwa majaribio, kisha mwaka 2010 ukafanywa wa kudumu.

Waliopinga walikuwa na hoja ambazo sikuweza kuzipuuza. Mwaka 2007 askari wa majini walipima mwendo wa boti zaidi ya 3,800 katika ziwa hilo, na zilizozidi maili 45 hazikufika asilimia 1. Na ajali ya usiku ya mwaka 2002 iliyowaumiza wengi moyo, ambapo boti kubwa iliipanda boti ndogo kutoka nyuma na kuua mtu, ilitokea katika mwendo uliotajwa kuwa chini ya maili 30. Maana yake ni kwamba ukomo uliokuja kuwekwa baadaye usingeikataza boti ile kwenda kama ilivyokwenda. Aliyekuwa kwenye usukani hakuiona boti iliyokuwa mbele yake, na kutoona huko hakuna namba ya mwendo inayokutibu.

Hata hivyo naona waliodai ukomo walikuwa na haki kwa upande mmoja muhimu, nao ni usiku. Nitarudi hapo.

Lililonibadilisha mawazo kabisa ni habari ya mawimbi ya chombo. Naomba uvumilivu wenu, kwa sababu hapa ndipo ulipo moyo wa taarifa hii. Chombo kinapokwenda polepole hukata maji kikiwa kimelala, na mawimbi yake ni madogo. Kinapoongeza mwendo hufika mahali ambapo wimbi linalotengenezwa na omo, yaani sehemu yake ya mbele, hulingana na urefu wa chombo chenyewe, na hapo huanza kulipanda wimbi lake mwenyewe kama mtu anayepanda kilima ambacho kinasogea pamoja naye. Omo hunyanyuka, tezi, yaani sehemu ya nyuma, huzama, injini hulia, na maji mengi husukumwa pembeni. Kikipewa nguvu zaidi, chombo chepesi huvuka kilima hicho, kikalala tena juu ya maji na kuteleza, na mawimbi yake hupungua. Wenye injini za kupachika mnalijua hili kwa mikono yenu hata kama hamkuwahi kulisoma. Kwa boti yenye urefu wa mita 6 majini, kilima hicho huanza karibu na kilomita 11 kwa saa. Kwa boti ya mita 10 huanza karibu na kilomita 14. Kwa hiyo ukomo wa kilomita 16 kwa saa, ambao unasikika kuwa wa huruma sana, unaiweka boti ya abiria mahali pabaya kabisa: imenyanyua omo, inasukuma maji mengi, na nahodha wake haoni kilicho mbele chini ya pua ya boti.

Boti iliyomzamisha mwenzetu ilikuwa mahali hapo hapo. Ilitoka katika kuteleza ikashuka hadi nusu mwendo karibu na mwalo, penye mitumbwi mingi, na nahodha wake bila shaka aliamini kwamba anatufanyia wema.

Ndugu wanachama, kama ningewaletea mwaka jana namba niliyokuwa nayo kichwani, tungewaagiza manahodha wote wa ghuba wafanye kosa hilo kila siku kwa amri ya sheria. Nimeona niliseme hili wazi, kwa sababu mliniamini.

Basi je, ukomo wa mwendo huokoa vyombo vidogo? Jibu la kamati ni kwamba huokoa pale unapoandikwa kwa kutazama chombo kidogo kilipo, wala si kwa kutazama saa ya mwendo ya chombo kikubwa. Karibu na mialo, kwenye milango ya mito na mahali nyavu zinapotegwa, mwendo unapaswa kuwa wa kujongea, usiozidi noti 5, yaani kilomita 9 kwa saa, na boti ianze kushuka ikiwa mbali ili wimbi lake la kupunguza mwendo livunjike kwenye maji ya kina kabla ya kufika kwetu. Katikati ya ghuba, mchana, boti nyepesi iliyojengwa kuteleza iachwe iteleze, mradi ikae mbali nasi. Umbali tunaoupendekeza ni mita 100, zaidi ya mara mbili ya ule wa Winnipesaukee, kwa kuwa mitumbwi yetu ina ubavu mfupi kuliko mitumbwi ya plastiki ya wale wenzetu na hubeba mizigo. Chombo kizito kisichoweza kuteleza kipite mbali zaidi, kwa kuwa mawimbi yake hayapungui kwa kuongeza mwendo.

Umbali una faida nyingine ambayo wazee wa mwalo waliiona haraka kuliko kamati. Kupima mwendo kunahitaji kifaa cha rada na askari wa kukishika, na ghuba hii ina mialo mingi kuliko askari. Umbali unaonekana kwa macho. Ukiwekwa mstari wa maboya mbele ya mwalo, kila mtu aliyeko ufukoni, pamoja na watoto wanaochota maji, atajua boti imevuka bila kupunguza mwendo, na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kitakuwa na jambo la kushuhudia. Nakubali kwamba katikati ya maji kukadiria mita 100 ni kazi ngumu, na mjumbe mmoja wa kamati hadi leo haamini kwamba kanuni ya umbali itafuatwa pasipo na maboya. Msimamo wake umeandikwa katika kumbukumbu za kikao, naye atapewa nafasi ya kuueleza.

Sasa nirudi kwenye usiku. Wavuvi wetu wa dagaa huvua usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo, wakiwa na taa za kuvutia samaki. Mtu wa nje angedhani taa hizo zinatosha kuwalinda. Wakiwa wanavua, ndiyo. Lakini wanapokwenda na kurudi taa nyingi huzimwa ili kuhifadhi betri, na mtumbwi wa mbao uliolowa hauonekani hata ukiwa hatua ishirini mbele ya boti. Nahodha anayeteleza usiku anaendesha kwa imani kwamba mbele yake hakuna mtu. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini hazitaji namba yoyote ya mwendo katika kipengele chake cha sita. Zinasema kila chombo kiende mwendo salama, na miongoni mwa mambo ya kutazamwa ni mwangaza na wingi wa vyombo. Kwa hiyo anayekwenda kilomita 50 kwa saa asipoona mita 50 mbele yake amekwisha kukosea, hata kama hakuna kibao kilichomkataza. Hapa kamati yote ilikuwa na kauli moja, nami nakubaliana na watu wa Winnipesaukee: usiku uwe na ukomo wake, mdogo kuliko wa mchana, kwa boti zote ndani ya ghuba, isipokuwa zilizo katika uokoaji au zinazobeba mgonjwa, na hizo ziwashe taa ya kumulika mbele na kuwa na mtu wa kuangaza macho omoni.

Kanuni hizo hizo zinatugusa na sisi. Chombo cha makasia kinaruhusiwa kutokuwa na taa za rangi za meli, lakini kinatakiwa kuwa na tochi au taa nyeupe iliyo tayari, ya kuonyeshwa mapema kabla ya mgongano. Wangapi kati yetu tunayo? Nilipouliza swali hilo katika kikao cha mwalo mmoja, vijana walinyamaza. Hatuwezi kumdai nahodha atuone huku tumejifunika giza. Kamati imekubaliana kwamba chama hakitapeleka ombi lolote kwa Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, ambalo ndilo linalokagua vyombo, kabla ya kila mtumbwi wa mwanachama unaotoka usiku kuwa na tochi iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Nililazimika pia kujiuliza jambo lililo chungu zaidi. Misiba mikubwa ya ziwa hili haikutokana na mwendo. MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kufika Mwanza, ikaondoka na watu zaidi ya 800, ilikuwa imejaza kupita kiasi. MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, hatua chache kutoka gati la Ukara, ilikuwa imebeba zaidi ya mara mbili ya abiria 101 ilioruhusiwa, na watu 228 walifariki. Wapo kati yetu waliozika ndugu katika misiba hiyo yote miwili. Na misiba midogo isiyotangazwa, ile ya mtumbwi mmoja usiorudi, mara nyingi huja na dhoruba za usiku, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya ziwa na kuinua mawingu ya radi hadi alfajiri. Dhoruba haina nahodha wa kutozwa faini.

Hata Marekani, nchi yenye boti za kasi kuliko mahali popote ninapopajua, takwimu za walinzi wake wa pwani zinasema hivyo hivyo. Mwaka 2023 watu 564 walikufa katika ajali za boti za starehe. Kati ya wale ambao sababu ya kifo ilijulikana, robo tatu walikufa maji, na kati ya waliokufa maji asilimia 87 hawakuwa wamevaa jaketi okozi. Mwendo mkali umo katika orodha ya sababu za ajali, lakini hutanguliwa na kutokuwa makini, kutoangaza mbele na uzoefu mdogo wa aliyeshika usukani.

Nayasema haya nikijua yatatumiwa dhidi yetu. Kuna mwenye boti mmoja aliyekwisha kutuambia kwamba mitumbwi ivae majaketi kwanza ndipo ije kulalamikia mawimbi. Nilimjibu kwamba jaketi humwokoa mtu aliyekwisha kuanguka majini, lakini halirudishi magunia ya mkaa, wala nyavu, wala injini iliyonunuliwa kwa mkopo. Na kwamba familia inaweza kufilisika ingawa baba amerudi hai. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Wavuvi wanasema jaketi la kawaida, lile nene, huwazuia kuvuta nyavu, na nimelivaa mwenyewe usiku mmoja nikathibitisha kwamba wanasema kweli. Kamati inatafuta aina nyembamba zaidi, na inaomba idhini ya mkutano huu kutumia sehemu ya akiba ya chama kununua chache za majaribio, zitakazozungushwa kati ya mialo.

Niseme pia neno juu ya manahodha, ambao baadhi yao ni ndugu zetu wa damu. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi wenye mitumbwi ndio waliofika kwanza, na watu 24 kati ya 43 waliokuwamo wakatoka hai. Siku kama hiyo hakuna anayeuliza nani ana kasia na nani ana injini. Kwa sababu hiyo niliona ni vyema kukutana na manahodha kabla ya kuwalalamikia, na vikao viwili vya mwaka huu vilikuwa vya heshima kuliko nilivyotarajia. Wengi wao hawakujua kwamba nusu mwendo ndio unaotuumiza zaidi. Mmoja alituomba tupande boti yake tuone jinsi mtumbwi unavyopotea machoni pake omo linaponyanyuka, tukapanda, na kwa kweli mtumbwi uliokuwa mbele yetu ulitoweka wote, mtu na kasia, kwa muda wa kutosha kabisa kumgonga. Walikubali kushuka mapema kabla ya mialo. Walichokataa ni ukomo wa mchana wa ghuba nzima, nami sina tena hoja ya kuwalazimisha nao.

Wanachama watatu wameandika barua kupinga mwelekeo huu mpya, wakisema tumelegea, na kwamba kanuni yenye sehemu nyingi ni rahisi kukwepa kuliko namba moja. Barua zao zitasomwa zote. Hofu yao nina sehemu nayo: kanuni isiyoeleweka na nahodha aliyeajiriwa jana haitatulinda. Ndiyo maana tumeomba iwe ya mambo matatu tu yanayokumbukika, yaani kujongea ndani ya maboya, mita 100 kutoka mtumbwi, na ukomo wa usiku. Namba ya ukomo wa usiku tumeiacha wazi kwa makusudi, kwa sababu manahodha na wavuvi wa dagaa bado wanaijadili, na singependa mwenyekiti aitaje kabla yao.

Mnachoombwa kupigia kura leo, kwa hiyo, ni kufuta azimio la mwaka jana na kuweka mahali pake maombi hayo, pamoja na sharti la tochi kwa wanachama wanaotoka usiku na fedha za majaketi ya majaribio. Mkikubali, katibu atayapeleka kwa vikundi vya mialo kwanza, kisha TASAC, na nakala itumwe kwa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya usafiri wa ziwa hili tangu mwaka 2007 na wenzetu wa Kenya na Uganda wana mitumbwi kama yetu. Mkikataa, azimio la zamani litabaki na kamati italitekeleza, ila nitaomba mtu mwingine atie sahihi kwenye barua hiyo.

Maboya ya kwanza tunapendekeza yawekwe mbele ya mwalo ambako mwenzetu alipoteza mkaa wake. Yeye mwenyewe amekubali kuongoza kundi litakaloyatia majini, kwa mtumbwi ule ule, ambao fundi amemaliza kuuziba wiki iliyopita.